Karani wa Mizani na Rupia ya Simba

Mbaruku Nurdini hakuwahi kuiba hata kichala kimoja cha zabibu, na hiyo ndiyo sababu watu walimwamini alipoandika kwamba mwenzake ni mwizi.

Alikuwa karani wa mizani katika ushirika mmoja wa wakulima wa zabibu pale Dodoma, ushirika uliokuwa na malori matatu enzi zake na sasa ulibaki na moja, nalo halina betri. Kwa miaka ishirini na mmoja alisimama mbele ya mzani uleule wa chuma. Mkulima akileta matenga yake, Mbaruku hurudi hatua moja nyuma, mikono nyuma ya mgongo, akasubiri mshale utulie kabisa ndipo asome. Wakulima walimpa jina la Bwana Mshale. Akija hata mke wa mwenyekiti na tenga lililojaa majani chini, Mbaruku humwaga, hutoa majani, hupima upya. "Mzani haujui shangazi," alizoea kusema, na sitaficha kwamba alipenda kujisikia akisema hivyo.

Alikaa Kikuyu, katika nyumba ya ukoo. Babu wa babu yake alifika Ugogo na misafara ya pwani iliyokwenda bara kutafuta pembe. Alipofika hapa miguu ikamtoka malengelenge, wenzake wakaendelea na safari, yeye akabaki, akaoa, akafungua biashara ya chumvi. Kwa hiyo ukoo mzima wa akina Mbaruku, pamoja na majivuno yao yote ya ustaarabu wa pwani, umetokana na malengelenge.

Katika nyumba hiyo palikuwa na kitu kimoja cha thamani: rupia ya fedha ya wakati wa Mjerumani. Upande mmoja Kaizari na kofia yake ya chuma, upande wa pili simba amesimama chini ya mnazi. Haikuwa ya kutumia. Binti wa nyumba hiyo akiolewa, nyanya au mama yake humtia rupia ile kiganjani, humfumba vidole kimoja kimoja, na bibi harusi hutoka mlangoni ameifumbata. Fungate ikiisha huirudisha kwa mkono wake mwenyewe, ingoje binti mwingine. Walisema binti aliyetoka na rupia hatarudi nyumbani kwa aibu. Ni imani tu ya watu wa nyumba moja, lakini ndiyo waliyokuwa nayo.

Sasa sikiliza alichokifanya Mbaruku. Mwaka elfu moja mia tisa themanini na sita, baada ya ile miaka ya foleni na sabuni ya kibali, maduka yalianza kujaa tena. Vitu vilirudi kwa kishindo: redio, mashati ya kung'aa, saa za Kijapani zenye tarakimu zinazowaka ukibonyeza kitufe. Mbaruku alikuwa na miaka thelathini na moja, ana mke, ana mtoto mmoja wa kike, na saa ile ilimnyima usingizi. Akalifungua kasha la mama yake, akaichukua rupia, akampelekea sonara. Sonara akaiyeyusha wiki ileile, ikawa kipande cha bangili ya mtu mwingine. Mama yake, Bi Mwanne, alipoikosa, Mbaruku alisema neno moja tu: "Wameiba."

Hakumtaja mtu. Ndiyo maana lilimtoka kwa urahisi. Mwaka uliofuata dada yake Salha akaolewa. Bi Mwanne alimfumba vidole kimoja kimoja kama kawaida, ila ndani ya kiganja hamkuwa na kitu. Salha alitoka mlangoni amefumbata hewa, analia, na Mbaruku amesimama pembeni na saa yake mkononi. Saa yenyewe ilikufa baada ya miezi minane.

Aibu ile alikaa nayo miaka kumi na sita. Aliizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana, yaani hakuizoea.

Mwaka elfu mbili na mbili binti yake Khairat alichumbiwa, na harusi ikapangwa mwezi wa Mlisho, kabla ya Ramadhani. Bi Mwanne alikuwa ameshapoteza nuru ya macho. Siku ya posa alisema, bila kumlaumu mtu, "Maskini Khairat naye atatoka mikono mitupu. Mungu amlaani yule mwizi." Mbaruku aliitikia amina. Asingeitikia, angeulizwa kwa nini.

Siku zilezile Mnyakyusa mmoja mcheshi, jina lake Ulimboka, alikuwa amefungua chumba cha kompyuta karibu na stendi ya mabasi. Mbaruku alikuwa amesikia kwamba katika mtandao mtu anaweza kununua chochote, hata jino la mfalme. Akaenda, akasimama mlangoni kwa adabu kama anayeingia hospitali.

"Karibu, mzee," Ulimboka akasema. "Unatafuta kazi Ulaya au mchumba?"

"Natafuta rupia," Mbaruku akajibu.

Walizitafuta wiki tatu, Ulimboka akibonyeza, Mbaruku akisoma kwa Kiingereza chake cha darasa la nane. Rupia za Mjerumani zilikuwapo, tena nyingi, zimetawanyika duniani kuliko wenyewe waliozitumia. Wa kwanza kuwajibu alikuwa mtu aliyejiita kapteni. Bei yake ilikuwa ndogo kupita kiasi, picha yake ina ukungu, na kila barua aliandika kwamba wanunuzi wengine wanne wanangoja. Mbaruku alimwuliza swali moja: ina uzito gani? Kapteni akajibu kwamba ni sarafu nzuri sana. Akamwuliza tena. Kapteni akajibu kwamba fedha zitumwe leo, kwa jina la mtu mwingine, katika nchi nyingine.

"Huyu tumwache," Mbaruku akasema. "Mwenye mali huujua uzito wake. Na mwenye haraka na fedha zangu hana haraka na mzigo wangu."

Ulimboka aligonga meza kwa furaha. "Mzee, wewe umezaliwa kwa kazi hii. Hapa wameshaliwa watu wenye digrii."

Wa pili alikuwa mama mmoja wa makamo wa mji wa Bremen, anauza sarafu za marehemu babu yake. Huyu alijibu uzito bila kuulizwa mara mbili: gramu kumi na moja na nusu na kitu kidogo, sawasawa na Mbaruku alivyokuwa amesoma kwamba rupia halali inapaswa kuwa. Mbaruku akamwomba apige picha rupia ikiwa juu ya gazeti la siku hiyo. Mama akapiga, pande zote mbili. Akamwomba majina ya watu wawili waliowahi kununua kwake. Akayatoa, wakaandikiwa, wakajibu. Ndipo Mbaruku akaenda benki akatoa hundi ya kigeni, akaituma kwa rejista, na Mjerumani akaandika kwamba imefika.

Kufikia hapo alikuwa amefanya kila kitu kwa akili. Lakini mtu mwangalifu ana ugonjwa wake: hajui pa kuishia.

"Sasa hapo njiani," Ulimboka akasema, "ukiandika sarafu ya fedha juu ya bahasha, umeita wezi kwa kipaza sauti. Andika kitu ambacho mwizi hakitaki."

Mbaruku alifikiri, akacheka kidogo. Kitu ambacho mwizi hakitaki ni dua. Akamwandikia mama wa Bremen: itie ndani ya kitabu cha dini ya Kiislamu, na juu uandike hivyohivyo. Yule mama, mtu mnyoofu, alijibu kwamba hawezi kuandika kitabu ambacho hakimo. Akaenda kununua kweli kijitabu cha dua katika duka la Waturuki, akaibandika rupia kati ya makaratasi magumu ya jalada la nyuma, akatuma kwa rejista kwa sanduku la posta la ushirika, maana Mbaruku hakuwa na la kwake. Watu wengi wa Dodoma wanaishi hivyo: sanduku ni la ofisi, la shule au la shemeji.

Funguo za sanduku hilo alikuwa nazo Batholomeo.

Batholomeo alikuwa tarishi, Mgogo wa Haneti, amempita Mbaruku miaka kumi na zaidi, mwenye baiskeli nyeusi na mhuri wa ofisi katika mfuko wa ngozi. Alipokea barua na vifurushi vya kila mfanyakazi, akasaini kwa herufi kubwakubwa, akaleta. Kwa umri alistahili shikamoo, lakini Mbaruku hakuwahi kumpa. Karani hamwamkii tarishi; ndivyo walivyokuta ofisi inakwenda. Batholomeo mwenyewe hakulalamika. Alimtania tu: "Karani, nyie Waswahili wa Kikuyu mlikuja kwa miguu, mkachoka, mkatuachia maneno mengi." Kwa kuwa lilikuwa kweli, Mbaruku alikasirika kidogo kila mara.

Kifurushi kilifika mwezi wa nane, msimu wa mavuno, siku Mbaruku alipokuwa Kondoa kumzika mjomba wake. Alikaa huko siku tisa mpaka hitima. Aliporudi ofisini alikuta foleni ya wakulima imefika barabarani, na mezani kwa meneja orodha ya watu wa kupunguzwa. Soko lilikuwa huria. Wanunuzi binafsi walikuwa wanafuata zabibu mashambani na magari yao, ushirika unanyauka, na bodi imeagiza kwamba kati ya matarishi wawili, Batholomeo na Sila, abaki mmoja.

Batholomeo alimfuata mzanini asubuhi hiyohiyo.

"Pole na msiba, karani. Kuna jambo la kwenu la msikitini nilitaka nikuambie."

Mbaruku alikuwa anamkwepa Maalim Bashiri wa msikiti wa mtaani kwao tangu Maalim alipomtia katika kamati ya kuezeka paa. Siku hizo alikuwa anasali msikiti wa mjini ili asionekane. "Eh, Maalim amekutuma na wewe?" akasema bila kugeuka. "Mwambie bado sijarudi."

Batholomeo alicheka. "Basi kama ni Maalim, mnajuana wenyewe." Akapanda baiskeli yake.

Wiki mbili zikapita. Mbaruku alimwandikia mama wa Bremen, na mama akamtumia namba ya rejista. Akaenda nayo posta. Kijana wa dirishani akafungua daftari, akamwonyesha mstari: kifurushi kilipokelewa tarehe kumi na nne, mhuri wa ushirika, na sahihi kwa herufi kubwakubwa, BATHOLOMEO.

Mbaruku alisimama pale dirishani mpaka watu wa nyuma wakaanza kuguna. Mtu huyu aliyesubiri mshale utulie kwa miaka ishirini na mmoja, safari hii hakusubiri. Angeweza kutembea mpaka uani kwa ofisi, akamkuta Batholomeo anatia upepo tairi, akamwambia, "Batholomeo, umeuona mzigo wangu?" Maneno manne, na wahenga wametwambia tangu zamani kwamba kuuliza si ujinga. Hakuuliza. Aliogopa kuulizwa na yeye: mzigo gani, wa nini, kwa nini umeandikwa dini kumbe ni biashara, na rupia ya kwenu ya zamani ilikwenda wapi?

Badala yake alimwandikia meneja, Bwana Thomas, barua. "Kifurushi changu chenye sarafu ya fedha ya thamani," aliandika, "kilichopokelewa posta na Ndugu Batholomeo, hakijanifikia mpaka leo, na nina kila sababu ya kuamini kuwa kimeibwa." Habari za kitabu hakuzigusa. Na mwisho aliongeza sentensi aliyoiona ni ya huruma: "Naomba asihojiwe, ili tusimvunjie heshima mtu mzima."

Kwa huruma hiyo alimmaliza. Bwana Thomas alikuwa amekaa na majina mawili kwa siku kumi bila kujua alikate lipi. Aliisoma barua mara moja. Bwana Mshale kasema. Nani atapima tena? Hakumwita Batholomeo, hakumwuliza, akapiga mstari.

Batholomeo aliambiwa amepunguzwa, kama walivyopunguzwa wengi mwaka ule. Siku ya mwisho alipita mzanini na kifuko cha karanga.

"Hizi za harusi ya binti yetu," akasema. "Msalimie Maalim. Na mkisoma zile dua zenu, mnikumbuke na mimi."

Mbaruku alizipokea karanga bila kumtazama usoni. Aliona ni kejeli: mwizi anaagana na aliyemwibia, tena anaomba dua. Jioni alimweleza mkewe, Asma, kila kitu isipokuwa mambo ya mwaka wa themanini na sita. Asma akamweleza jirani, na kabla ya Ijumaa habari ilikuwa imepanda basi la Kondoa, ikateremka Haneti kabla ya mwenyewe.

Mbaruku hakupata raha. Alijiambia kwamba ushahidi upo, sahihi ipo. Lakini kila aliposimama mzanini na kurudi ile hatua moja nyuma, alijihisi mnafiki, na hakujua kwa nini. Karanga zilikaa kabatini, hakuna aliyezila.

Siku ya harusi Maalim Bashiri alikuja kufungisha ndoa. Baada ya khutba na kukubali, wanaume wakiwa bado wanatafuna halua, alimvuta Mbaruku pembeni ya jamvi. Mkononi ana bahasha ya khaki yenye stempu za Ujerumani, haijafunguliwa.

"Amana yako hii," Maalim akasema. "Inanikaa rafuni mwezi wa tatu huu. Kila siku nasema nitampa nikimwona, na wewe tangu habari ya paa umekuwa kama mwezi wa mawingu."

Mbaruku akazitazama stempu. "Umeipata wapi, Maalim?"

"Yule mzee wa ofisini kwenu, Batholomeo. Alinikuta chuoni, kaivua kofia mlangoni kabisa. Akaniambia, 'Maalim, hiki ni kitabu cha dini, imeandikwa hapa, na mwenyewe yuko msibani. Pale ofisini barua tunaziweka meza moja na chupa za mvinyo za sampuli, nimeona si heshima kitabu chenu kilale na pombe.' Nikamwambia Mungu akulipe. Mkristo yule, Mbaruku, lakini ana adabu kuliko wengi ninaowasomesha."

Mbaruku alikaa chini. Watu wakadhani ni furaha ya kuoza mtoto, wakamletea maji.

Aliyakumbuka yote sasa, na yote yalimwuma kwa mpigo. Jambo la kwenu la msikitini. Msalimie Maalim. Zile dua zenu. Yeye ndiye aliyeandika dini juu ya sarafu ili kumdanganya mwizi, na aliyedanganyika alikuwa mtu mwaminifu aliyesoma maneno hayo akayaheshimu.

Aliingia ndani kwa wanawake na bahasha mkononi, akasema ameipata kwa Maalim. Khairat alikuwa ameshavikwa, hina imekolea hadi kifundo, na Bi Mwanne amekaa mbele yake kwenye kigoda, tayari kumfumba vidole vitupu. Salha alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. Mbaruku alichana jalada la nyuma la kitabu cha dua, rupia ikaangukia kiganjani mwa mama yake.

Bi Mwanne aliipapasa. Kidole gumba kikapita juu ya kofia ya Kaizari, kikageuza, kikamtafuta simba, kikampata. Uso ukamlowa machozi. "Imerudi," akasema. "Enyi watu, imerudi!"

Vigelegele vikapanda. Katikati ya vigelegele Asma akasema kwa sauti, "Si niliwaambia? Batholomeo kaogopa dhambi, kampa Maalim airudishe!" Na wanawake wakaitikia, ee, ndiyo, mwizi ameogopa.

Hapo palikuwa na mlango wazi wa kutokea. Angenyamaza tu, mama angekufa na furaha yake, binti angetoka na rupia, na Batholomeo angebaki mwizi aliyetubu, jambo ambalo kwa watu si baya sana. Nadhani Mbaruku aliutazama mlango huo vizuri. Kisha akamtazama Salha, na akaona ule mkono wake wa kulia, ambao hata sasa, mwanamke wa miaka arobaini, ulikuwa umefumba bila mwenyewe kujua.

"Mama," akasema. "Mwizi ni mimi."

Vigelegele vilikatika kimoja kimoja. Akasema yote pale, mbele ya mabinti na makungwi, mahali ambapo mwanamume hana kazi: saa ya Kijapani, sonara, rupia mpya ya Bremen, kitabu, barua kwa meneja. "Batholomeo hajachukua kitu. Nimemfukuzisha kazi kwa sababu sikutaka kuulizwa."

Salha ndiye aliyesema wa kwanza. "Nilitembea mpaka kwa mume wangu nimeshika hewa, kaka. Na wewe unaangalia saa." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Bi Mwanne aliigeuza rupia mkononi. Kisha akampapasa mwanawe, akaupata mkono wake, akairudisha humo.

"Ichukue. Khairat, mjukuu wangu, unisamehe, utatoka kama shangazi yako. Mimi simtii bibi harusi mkononi kitu kilichomtoa mtu kazini. Siku mwenye jina akirudishiwa jina lake, tutaona."

Khairat alilia mpaka wanja ukamwagika. Vidole vyake vilifumbwa kimoja kimoja juu ya kiganja kitupu, akatoka. Baba yake alimtazama akivuka kizingiti na akaona kwamba deni la aibu alilolikimbia kwa dada amemlipisha binti. Mficha uchi hazai, wanasema. Huyu alizaa, na mwana ndiye aliyeumia.

Jumatatu alikwenda kwa meneja. Bwana Thomas alisikiliza, akafuta miwani, akasema orodha imeshapita na nafasi ya tarishi wa pili haipo tena katika karatasi zozote. "Lakini wewe uliandika hukumuuliza? Na mimi nikakuamini?" Alikuwa anajiuliza mwenyewe pia. Alichoweza ni kuandika barua ya kumsafisha Batholomeo, akaigonga mhuri, nakala ikabandikwa kwenye ubao wa nje. Mbaruku akasimama juu ya mzani wake, pale pa kuwekea matenga, akawasomea wakulima kwa sauti. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita tena Bwana Mshale.

Jumanne akapanda basi la Kondoa, akateremka Haneti.

Ilikuwa mwisho wa mwezi wa kumi, ardhi imekauka, watu wako mashambani wanafyeka na kuchoma mabua kungoja mvua. Alimkuta Batholomeo uani kwake ananoa jembe, na mkewe, Lea, anapepeta uwele. Lea alipomwona tu aliweka ungo chini, akaingia ndani.

"Shikamoo, mzee Batholomeo," Mbaruku akasema.

Batholomeo aliinua kichwa. Katika miaka yote ile alikuwa hajaisikia. "Marahaba," akajibu, kwa kuwa shikamoo hairudishwi mikono mitupu. Hakumkaribisha kiti.

Mbaruku alitoa barua ya meneja, akaisoma. Akaeleza habari za kitabu na sarafu iliyofichwa ndani yake, akaomba radhi. Alisema ameongozana na aibu yake mpaka pale na hana cha kujitetea. Akatoa na rupia, akaiweka juu ya jiwe la kunolea. "Hii ndiyo iliyotuleta hapa. Ukitaka, ichukue. Mimi nimeikataa, na mama yangu ameikataa."

Batholomeo aliitazama bila kuigusa. "Kumbe ndiyo hii," akasema. "Kidogo hivi." Kisha akarudi kunoa, akapima makali kwa kidole.

"Barua nimesikia," akasema baadaye. "Lakini barua ni ya ofisi. Hapa Haneti watu hawasomi ubao wa ofisi. Mimi napita kwenda kisimani, watu wanahamisha mikoba yao. Mke wangu anakopa chumvi, anaambiwa imeisha, na ile pale anaiona. Karani, kuna kitu kimoja tu nakitaka."

"Sema, mzee wangu."

"Ngoja kwanza."

Akasimama, akaita kwa Kigogo upande wa kwanza wa uzio, akaita upande wa pili. Watu wakaanza kuja kutoka mashambani na majembe yao mabegani, wanaume na wanawake, wakisalimiana "mbukwenyi, mbukwenyi," wakasimama kwa duara bila kuelewa. Lea naye akatoka mlangoni. Walipofika kama ishirini, Batholomeo akavuta kigoda, akakaa mbele yao wote, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyeitwa barazani.

"Huyu ndiye karani wa mizani," akawaambia. "Alisema nimemwibia. Alimwambia meneja, akamwambia mkewe, mkewe akawaambia ninyi. Mtu mmoja tu hakuambiwa, ni mimi." Akamgeukia Mbaruku. "Sasa niulize."

"Nikuulize nini, mzee?"

"Lile ambalo hukuniuliza. Niulize mbele yao."

Mbaruku aliinua macho. Watu wote walikuwa wanamtazama, na Lea alikuwa anamtazama kuliko wote. Akamgeukia mzee.

"Mzee Batholomeo," akasema, "umeuona mzigo wangu?"

"Niliuona," Batholomeo akajibu. "Nilisoma ni kitabu chenu cha dini, nikaupeleka msikitini."